Nailoni Uliyolivisha Gari Letu

Mama Nyambura, mke wangu mjanja,

Kaa hapo hapo ulipolazwa, kando ya kahawa, usiinuke. Leo sitafuti chai, natafuta maelezo. Nimekushuku miaka saba, na hii miwili ya mwisho umekufa bila kunijibu, jambo ambalo limenifanya nikushuku zaidi.

Nimeibandua ile nailoni.

Unaikumbuka. Ile ya kung'aa uliyoenda kulivisha gari kule Nyeri mjini, wiki moja tu baada ya nguzo ya lango letu kuanguka. Ulirudi, ukashuka, ukaniambia, "Ni ya kulinda rangi, Baba Nyambura. Usiiguse na hizo kucha." Nikatingisha kichwa kama mtu ameelewa, lakini moyoni nikasema, huyu mwanamke kuna kitu ananificha. Kwani si ni wewe uliyechana nailoni ya makochi siku ile ile yalipoletwa, ati hutaki kukaa juu ya mfuko wa mkate? Si ni wewe uliyemcheka shemeji yako kwa kuacha rimoti ndani ya plastiki mpaka inzi akafia humo? Halafu mtu kama huyo analinunulia gari koti la mvua! Tena gari lililotoka Japani likiwa tayari limezeeka.

Wakati huo kwetu habari ilikuwa moja tu, nguzo. Gathogo wa pikapu ya maziwa alikuwa rafiki yangu tangu tukiiba miwa pamoja. Kila asubuhi alirudi kinyumenyume langoni kwetu ili ageuze. Asubuhi ile aligeuza, nguzo ikalala chini, na lango likalala juu yake. Nilimwambia mbele ya foleni nzima ya watu wa maziwa, na wengine waliweka mitungi chini ili wasikie vizuri: "Gathogo, wewe ni kipofu, na hiyo pikapu yako ni kipofu!"

"Mzee, hata sijaigusa," akasema. "Kuja uangalie bampa yangu."

Nilikataa kuangalia. Tangu siku hiyo nikawa nabeba maziwa kwa baiskeli mpaka kituo cha kule juu, kilima chote kile, na magoti yangu haya, ili tu mkono wa Gathogo usiguse mtungi wangu.

Halafu zikaja ndizi. Kila mwaka, mkungu mzuri kuliko yote ulipotea shambani. Siku moja nikajificha nyuma ya migomba, nikakuona unaufunga kwa boda boda na kusema, "Peleka kwa Gathogo." Nikatoka hapo kama polisi.

"Unampelekea nini yule mwanamume?"

"Ndizi," ukasema. "Kwani huoni?"

Nilikosa usingizi, mama. Kwanza nilifikiri unampenda Gathogo, na meno yake yale. Baadaye nikapata akili: huyu mwanamke ndiye aliyegonga nguzo. Amefunika alama kwa nailoni, na ndizi ni za kumfunga Gathogo mdomo. Lakini kukuuliza wazi niliogopa. Kama ni wewe, basi nimemtukana rafiki yangu bure, na lazima niende kwake. Kama ni yeye, naweza kuendelea kununa kwa amani mpaka nife.

Sasa Nyambura anataka kulipeleka gari Karatina, kwenye saluni yake. Nailoni yenyewe imekuwa ya njano kama chujio la chai, imepasukapasuka, na amesema hawezi kuonekana kwa gari lenye mashilingi kama kichwa cha mtoto. Akaniletea mashine yake ya kukausha nywele. "Baba, usivute kama mtu anang'oa nyasi. Pasha moto kwanza, halafu vuta polepole ukiilaza. Gundi ikibaki, futa na mafuta ya taa kidogo."

Jumamosi mchana nikapitisha waya wa umeme dirishani mwa jikoni, nikaanza. Boneti ilitoka kama utando wa maziwa yaliyochemka, na chini rangi ni nyeupe kama siku ya kwanza. Milango, safi. Bampa ya mbele nilipiga magoti na miwani yangu nikaikagua kama daktari. Safi! Nikaanza kuimba. Gathogo, nimekupata!

Halafu nikafika kona ya nyuma, upande wa kushoto. Nailoni ikaja na rangi yake. Nyambura alikuwa ameniambia: rangi ya kiwandani hushika, ile ya kupakwa baadaye huondoka na gundi. Chini yake kulikuwa na fila ya fundi, ule udongo wa kuziba mabonde, na pembeni ya fila mchirizi wa kijani. Kijani cha lango letu, mama, nilichokoroga mwenyewe kwa mabaki ya mikebe miwili. Hakuna kijani kibaya kama hicho mpaka Kiriaini.

"Nimekushika!" nikapiga kelele, kuku wakatawanyika.

Kisha nikakaa chini, juu ya ndoo.

Kwa sababu wewe hukuwahi kurudi kinyumenyume. Uliingia kwa mbele, ukazunguka mparachichi, ukatoka kwa mbele. "Shingo yangu haigeuki hivyo," ulikuwa unasema. Na siku moja kabla ya nguzo kuanguka, ulikuwa umeenda mazishini na akina mama wa kanisa. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkebe wa sukari, ulipokuwa ukiuficha ukidhani sijui. Leseni sina, lakini nilitaka tu nifike barabarani, watu wa dukani wanione nimeshika usukani. Nikarudi nyuma. Kitu kikasema kwaa! Nikajiambia ni debe la maji ya kuku. Nikalirudisha gari, nikaupangusa ufunguo vizuri, nikauweka mkebeni. Nyuma ya gari sikwenda kuangalia.

Wewe uliangalia. Ukanisikia nikimtukana Gathogo, ukajua, na ukanyamaza. Ukafunika kovu langu. Lakini mbona uliniacha nipande kile kilima? Ilikuwa huruma au ilikuwa adhabu? Bado nakushuku.

Jana baada ya kanisa nilikata mkungu, nikaupeleka mwenyewe. Gathogo alikuwa mlangoni kwake anachagua maharagwe. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikakimbia yote. Akaangalia ndizi, akaangalia magoti yangu.

"Zimechelewa miaka miwili," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Nguzo ilikuwa imepasuka kabla sijafika. Mama Nyambura alikuja na mkungu, akaniomba nikuache mpaka ukuje mwenyewe. Alisema hautamaliza mwezi."

"Mwezi?"

"Mwezi moja. Alikuwa anakuamini sana, yule mama."

Nikavuta kiti, nikamsaidia kuchagua maharagwe, naye hakusema lingine ila kwamba naacha mawe mengi.

Asubuhi hii pikapu yake imegeuzia langoni kwetu tena. Ile kona nimemwambia Nyambura asiipake rangi. Mkungu wa mwakani nimeshauona, ule wa karibu na mtaro, na nitaupeleka mimi. Pumzika, mama. Kilima nimekimaliza.

Ni mimi mumeo, dereva asiye na leseni,

Baba Nyambura