Kwa Mwalimu Aliyemtania Baba Yangu Mkutanoni

Mpendwa mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia. Habari za msiba zilinifikia umeshazikwa huko kwenu Tabora, na nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni, maana nilikuwa nimekuwekea maneno ambayo miaka yote hii nilisema nitakupa tukionana. Hatukuonana. Basi nayaandika hapa, na wengine wakiyasoma wasome tu, siri yake imeshachuja.

Nakuita mwalimu ingawa ulitukataza. Ulisema nchi hii ina Mwalimu mmoja na anatosha, sisi tukuite Ndugu. Mimi sikuweza hata siku moja. Kwetu Kilosa mtu aliyekuzidi umri humwiti ndugu, hata Chama kikisema.

Unalikumbuka lile somo la siasa la mwaka wa kwanza? Lilikuwa la lazima kwa kila mtu, wa sheria, wa kilimo, hata wale wa uhandisi waliokuja kusinzia. Asubuhi tulikuwa kwa Profesa, kwenye ukumbi mkubwa. Profesa alisoma mhadhara wake bila kuinua macho, akitaja matabaka na mapinduzi ya nchi za watu, na sisi tuliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Hakujua jina la hata mmoja wetu, na mimi nilimpenda kwa hilo. Mtu asiyejua jina lako hawezi kukuaibisha.

Wewe ulikuwa na semina za mchana, kwenye kile chumba chenye feni mbovu. Siku ya kwanza kabisa ulinyoosha kidole.

"Wewe wa mlangoni. Serikali ni nini?"

Nikasimama, nikatapika maelezo ya Profesa kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nilijiona nimemaliza kazi.

"Hayo ni ya Profesa," ukasema. "Yako?"

Nikafungua daftari. Wenzangu wakaanza kucheka chinichini.

"Kwenu ni wapi?"

"Kilosa."

"Haya. Kwenu Kilosa serikali ikija, inakuja na sura gani?"

"Inakuja na Landrova," nikasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Wewe peke yako hukucheka. Ulisema, "Endelea." Mwalimu, nilikuchukia! Nilikuwa nimesafiri na treni kutoka Kilosa mpaka Dar es Salaam ili niache kuwa mtu wa Kilosa, na wewe ukanirudisha kabla hata sijazoea chakula cha bwenini.

Halafu lile zoezi lako. Ulimpa kila mtu upande asioupenda, ukamwambia autetee. Kijana wa Chama ulimwambia aseme kama mkulima anayekataa kuhamia kijiji cha ujamaa. Alitokwa na jasho. Enzi zile neno "kukataa" halikuwa la mchezo, na kwenye semina kulikuwa na wenzetu wawili watatu wenye masikio marefu kuliko haja ya masomo. Sote tulijua. Ulijua pia, na bado ulikaa pale mezani ukimsubiri yule kijana aseme. Mimi niliomba Mungu zamu yangu isifike, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kweli kichwani anayekataa, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Ikaja likizo ndefu, na idara ikatutawanya mikoani kutazama watu wanavyohamia vijijini. Niliomba kwenda kokote isipokuwa kwetu. Wakanipeleka kwetu, eti kwa kuwa najua Kisagara. Na wewe ndiye ukawa kiongozi wa kundi. Tulipanga Mikumi, kwenye ile nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakitutikisia vitanda, na kila asubuhi tulipanda gari kwenda vijiji vya upande wa Kilosa.

Siku ya zamu ya kijiji chetu nilikaa karibu nawe kwenye gari. Nikakuambia baba hataki kuhama. Nyumba yake iko juu kule mtoni, na mama amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

"Atasema mkutanoni?" ukaniuliza.

"Baba hajui kunyamaza."

Uliangalia nje tu mpaka tulipofika, na mimi nikaona nimekosea kukuambia.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Sisi wageni tuliwekewa benchi mbele, pamoja na ofisa aliyetoka wilayani, na nyuma ya benchi walisimama mgambo na virungu vyao. Nilikuwa nimevaa viatu. Baba alikuwa amekaa chini na wazee wenzake, kofia yake ya kufuma kichwani, na hakunitazama hata kwa bahati mbaya. Ofisa akasimama. "Uhuru!" Watu wakajibu, "Na kazi!" Akasema kabla ya mvua kila kaya iwe imehamia barabarani, shule itakuja, zahanati itakuja, maji yatakuja. Akauliza kama kuna swali, kwa sauti ile ambayo wewe mwenyewe ungeijua, ya mtu asiyetaka swali.

Baba akasimama.

"Mimi sina swali," akasema. "Mimi nimekataa. Ujamaa sijaukataa, kulima pamoja nalima. Lakini mke wangu yuko kule juu, siwezi kumwacha peke yake na fisi. Na hakuna aliyeniuliza. Mbuzi ndiye anahamishwa bila kuulizwa."

Ofisa hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Aligeuza shingo tu, akasema taratibu, "Mchukueni huyo." Mgambo wakapita kando ya benchi letu. Mmoja alinigusa bega akipita. Mzee wa kijiji cha jirani alikuwa amechukuliwa hivyohivyo, na mpaka siku ile watoto wake walikuwa hawajui yuko kituo gani. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Naisikia mpaka leo ile sauti ambayo haikutoka.

Wewe ndiye uliyeruka kutoka kwenye benchi.

"Ndugu ofisa! Usihangaike na huyu! Huyu Msagara ni mtumwa wangu!" Ulipaza sauti kama mlevi wa kwenye harusi. "Babu yangu Mnyamwezi alipita hapa na pembe za ndovu kichwani, akamkuta babu yake amejificha kwenye migomba. Akamfunga kamba, mbele ya safari akamfungua, kwa sababu alikula sana! Leo mtumwa anakataa kuhama? Nani amempa ruhusa ya kusema?"

Mgambo wakasita. Watu wakaanza kuguna, halafu kutabasamu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wanyamwezi na Wasagara ni watani toka enzi za misafara, na mtani akikutukana huna kesi naye, wala yeye hana nawe. Kilichosemwa kati yenu ni mchezo. Lakini mchezo unataka wawili. Baba asingejibu, basi maneno yake ya mwanzo yangebaki kuwa maneno, na kirungu kilikuwa kimeshamfikia mgongoni.

Baba alikutazama. Niliona taya likimcheza. Kisha akanitazama mimi, ndiyo mara ya kwanza siku ile. Halafu akasema, polepole:

"Mpagazi wewe, nani kakwambia utue mzigo?"

Uwanja ulilipuka. Akina mama walishikana mabega, wazee walijipiga mapaja. Ofisa akacheka mpaka akatoa leso. "Kumbe watani! Mwacheni, mwacheni mzee wetu." Mgambo wakarudi nyuma. Wewe ukaketi, mikono ukaibana katikati ya magoti.

Baba akafungua mdomo tena. "Mimi nilikuwa nasema," akaanza, na watu wakacheka. "Sikilizeni, mke wangu," akasema, wakacheka zaidi. Kila alilosema likawa utani. Akakaa chini, akavua kofia, akaishika mkononi mpaka mkutano ukaisha.

Kesho yake asubuhi alitokea Mikumi. Alikuwa ameomba lifti kwenye lori la mbao. Ulikuwa mgahawani ukinywa chai, mimi nikiwa meza hiyohiyo, na sote wawili tukainuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Ukamvutia kiti, ukamwagizia chai na maandazi. Hakukaa, hakugusa.

"Jana umeniokoa na jela," akakuambia. "Nimekuja kusema ahsante. Nimeshasema. Sasa la pili: umeniibia neno langu."

"Mzee, wangekuchukua."

"Ningekwenda. Jela wanakaa watu. Nilikuwa nimesema kitu, maisha yangu yote sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema kitu kikubwa vile, na wewe umekifanya kichekesho. Sasa nisikilize, na usicheke."

Akarudia yote. Mke wake, fisi, kuulizwa, mbuzi. Malori yalikuwa yanapita, na kila lilipopita alisimama kidogo, akaendelea. Wewe ulisimama umenyooka, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipomaliza akaninyooshea mkono mimi bila kunitazama.

"Hawa watoto unawafundisha siasa. Waambie nilikataa."

"Nikiwaambia hivyo, mzee, huenda nisifundishe tena."

"Na mimi nikihama sitakuwa na kwangu tena."

Akaondoka kutafuta lori la kurudi. Sikumfuata. Nilikuwa nimekasirika na nyinyi wote wawili, yeye kwa kukudai kazi yako, na wewe kwa kumfanya achekwe. Safari nzima ya kurudi Dar sikusema nawe, na wewe ukaniacha hivyohivyo.

Mhadhara wa kwanza wa muhula, ukumbi ulijaa. Profesa alikuwa na taarifa za makundi yote, akasoma vipande alivyovipenda. Akafika kwetu. Mwenzetu mmoja wa Chama ndiye aliyekuwa ameiandika taarifa yetu, na aliiandika vizuri, siwezi kumnyima. Profesa akasoma kwamba Kilosa wananchi wameupokea mpango kwa furaha, na hata wazee wametaniana na wageni mkutanoni, jambo linaloonyesha umoja wa makabila yetu. Watu wakapiga makofi. Nilikaa na yale makofi pande zote, nikamwona baba ameshika kofia yake.

Ulikuwa umekaa mstari wa mbele pamoja na walimu wengine. Ukasimama.

"Profesa, samahani. Yule mzee hakuwa anatania. Yule mzee alikataa. Aliyetania ni mimi, kwa sababu niliogopa."

Kwa mara ya kwanza Profesa aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Akavua miwani. "Ndugu, unataka kusema nini hasa?"

"Nimeshasema. Alikataa, na ana sababu. Naomba wanafunzi waandike."

Hakuna aliyeandika. Mimi niliandika. Jirani yangu akasogea pembeni kidogo kama vile nina ugonjwa.

Hatukukaa sana, kwenye ratiba ya semina likaonekana jina la mtu mwingine. Wakasema umehamishwa, unakwenda kufundisha chuo kidogo huko mbali, na huendi kufundisha siasa. Nilikukuta kwenye ngazi za maktaba na sanduku lako. Nilikuwa nimejipanga kusema mengi, ukaniwahi. "Maliza masomo. Usinitetee popote. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Ukashuka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kukuona, mwalimu, mgongo wako na sanduku.

Nilimaliza. Nimefundisha uraia sekondari mpaka nikastaafu, na nimewauliza watoto wa watu serikali inakuja na sura gani, wakanichukia kama nilivyokuchukia. Bado sijaamua kama ulifanya vema pale kwenye ghala la pamba. Siku nyingine nasema ungemwacha baba na neno lake. Siku nyingine nakumbuka kile kirungu, nasema Mungu akulipe. Umekufa nikiwa bado nabishana nawe, na hilo linaniuma sana. Nilikupenda kama mtu anavyompenda mzazi anayemkasirikia.

Haya ndiyo niliyokuwa nimekuwekea. Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Nyumba ya mtoni ilikuwa imeshaezuliwa, mabati yameletwa na lori, na baba alikuwa barabarani kama wengine, kwenye kibanda ambacho hakikuwa na hata mgomba mmoja. Alikuwa mkimya. Wenzake waliniambia tangu ahamie pale hajacheka na mtu, ukimtania anaondoka. Nikakaa naye mlangoni, nikamweleza yote: ukumbi, taarifa, makofi, na wewe kusimama.

"Alisema nilikataa?"

"Alisema, baba."

"Mbele ya wakubwa wake?"

"Mbele yao wote."

"Wakamfanya nini?"

"Wamemtoa. Wamempeleka mbali."

Akafuta vumbi la barabara kwenye magoti yake. Nikajua atalia, nikaangalia pembeni nimpe nafasi.

"Mjinga kweli yule Mnyamwezi," akasema, na akacheka, mwalimu, akacheka mpaka jirani akatoka nje kuuliza kuna nini.

Pumzika kwa amani.

Mwanafunzi wako,
binti wa mtani wako.