Siku Ambayo Sikufagia Uwanja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako mjomba wako alinisomea kwenye simu, nikaitika kana kwamba umesimama mlangoni. Huku Kibakwe hatujambo. Maharage yametoa maua, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Umeuliza mbona nafagia uwanja kila asubuhi na mgongo huu, wakati naishi peke yangu.

Nilipokuwa mke mpya, babu yako alikwenda kufanya kazi mbali. Nyumba yetu ilikuwa peke yake mlimani. Nikajiuliza, nimfagilie nani? Majani yakajaa hadi kizingitini. Asubuhi moja nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani, mpita njia nisiyemjua akaniuliza, "Mama, wenye nyumba ile wamehamia wapi? Nimepishana na mzee anarudi kwao. Anasema kamkosa binti yake."

Alikuwa baba yangu. Alikuwa ametembea siku mbili kuja kunijulia hali.

Nilitua ndoo nikakimbia, nikamwita mpaka sauti ikakauka. Sikumfikia. Hatukuonana tena, na hayo mengine tuyaache.

Mwanzoni nilifagia kwa majuto. Siku hizi nikiinama naona nyayo za kuku, nasikia ndege, najua nimeamka mzima. Subira niliyo nayo sikuzaliwa nayo, mama. Ni ya ufagio.

Ukija usinikute, usigeuke. Tazama chini. Ukiona mistari ya ufagio, kaa kizingitini ungoje.

Sijahama.

Bibi yako