Viungo vya Rhobi Si Binzari

Jumanne. Kijijini Nyanungu, mvua tangu alfajiri, matope hadi mlangoni.

Nisameheni kwa ukimya, wiki tano sijaandika kitu kwenye blogu hii. Mwanangu mdogo, Ghati, anaota meno, nalala kwa vipande. Ila hiyo si sababu yote. Nilikuwa na wivu, na nikiwa na wivu siandiki vizuri.

Wivu wenyewe ni wa mdogo wangu.

Rhobi yuko chuo, mjini. Darasani nilimzidi, walimu wanajua. Mimi nikapata mimba kidato cha nne, yeye akaendelea. Sasa anatumia kompyuta kutafuta mahali ambapo protini inajikunjia. Alinitumia picha mbili za protini ileile: moja imefunguka kama mdomo, nyingine imefumba. Akaeleza kwamba haijikunji kila mahali. Ukilaza picha moja juu ya nyingine, sehemu za chini zikalingana kabisa, za juu zinakataa, kila moja inaenda kwake. Pale zinapoanza kuachana ndipo penye kiungo.

Nilielewa mara moja. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mama alipouliza Rhobi anasoma nini, nikamjibu kwa mkato kwamba ni viungo vya protini. Nilijua atakavyoelewa. Kliniki wametufundisha protini ni maharage, na viungo, kwa mama, ni vya mchuzi. Sikumsahihisha.

Jumapili baada ya ibada akawatangazia wanawake wenzake kwamba mwanawe anatafiti viungo vya maharage. Mama Weisiku, jirani yetu asiyeacha neno lipite, akasema, "Miaka mitatu chuoni kutafuta binzari? Si angeniuliza mimi." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Na mimi nilicheka.

Mama alirudi nyumbani bila kunisemesha. Leo asubuhi namvalisha Ghati sweta, mama akaniuliza taratibu kama kweli ni binzari. Nikashindwa kuendelea kumficha. Nikaukunja mkono wa Ghati mpaka vidole vikafika mdomoni. Nikamwonyesha mama: mfupa wa juu haujapinda, wa chini haujapinda, panapokunjika ni hapa kwenye kiwiko tu. Rhobi anatafuta viwiko vya vitu vidogo ambavyo jicho halivioni.

"Ulijua tangu mwanzo?"

Nikasema nilijua.

Kisha akasema, "Basi Jumapili utasimama wewe uwaeleze. Mimi nitakaa mbele."

Rhobi, najua unasoma hapa. Nisamehe. Wivu haujaisha, sitakudanganya, lakini mama hawezi kuchekwa kwa ajili yangu. Nitumie kwa basi la Tarime, lifike kabla ya Jumamosi: zile picha mbili, kubwa, za rangi. Moja iwe kwenye nailoni inayoonyesha, niilaze juu ya nyingine. Jina la hiyo protini, uliandike jinsi linavyotamkwa. Kalamu nyekundu ya wino mnene.

Na kitabu chako cha Biolojia cha kidato cha nne. Hicho si cha Jumapili. Ni changu.