Shemeji, Rangi ya Dukani Imebanduka

Shemeji,

Nimewashinda! Kamati nzima ya shule, na mwenyekiti na miwani yake, nimewashinda mimi Ambakisye wa darasa la tatu, tena kwa mdomo huu huu uliokuwa ukiniambia niufunge. Ukuta wako umerudi.

Haya, usinikodolee macho. Nimedanganya. Waliourudisha ni watoto. Mimi ndiye niliyesaidia kuufuta.

Ngoja nikueleze. Tangu tukuzike, mambo yanakwenda mbio. Siku hizi kila kitu ruksa. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni pale ushirika, leo ukishuka Bagamoyo yetu hii, si ile ya pwani, unakuta duka la rangi tupu, makopo mpaka darini. Mwenye duka hilo akaja kwenye kamati. Akasema atatupakia ukuta wa madarasa rangi ya mafuta, ya buluu, bure kabisa, mradi jina la duka lake likae katikati kwa herufi kubwa. Mwalimu mkuu akafurahi. Akasema kuchora kwenyewe hakumo kwenye mtihani. "Wanaoafiki, mikono juu!"

Nikanyoosha. Mkono ule ule uliokuwa umeushika hospitali ukiniambia, "Shemeji, usiwaache watoto waache."

Nilijisemea sababu ni mgongo. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa punda wako wa kubeba udongo wa kuchorea, mweupe kutoka korongo la Nkunga, mwekundu kutoka kule barabarani, na wewe hata asante unaitoa kwa kunicheka. Lakini mgongo ni kisingizio. Sikutaka kuuona ukuta ule halafu wewe usiwepo mbele yake. Basi. Nimesema.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikukejeli? Mwalimu wa matope, nilikuita. Watoto wanakandika ukuta, wanachora ng'ombe, migomba, harusi, mpaka mawingu, halafu mvua zetu hizi zisizo na adabu zinakuja kulamba kila kitu. Mwaka unaofuata mnasimama tena mbele ya ukuta mtupu, na wewe unauliza kama vile hakuna kilichoharibika: "Haya, tunaanza upande gani?" Nikakwambia wape ukuta wa ndani, usionyeshewa. Ukanijibu, "Wa ndani wataujaza mara moja, halafu maisha yao yote watakaa wanaulinda." Nilikwenda nyumbani nacheka. Nilikuwa sijakuelewa, mjinga mimi.

Rangi ya dukani ikapakwa. Iling'aa, usiseme! Watoto wakasimama mbali, mikono nyuma, kama wageni. Mvua zikaja. Kumbe ukuta wa udongo unavuta maji kutoka chini, na rangi ya mafuta haiupi nafasi ya kupumua. Ikavimba kama andazi, ikaanza kubanduka pamoja na udongo wake. Mvua zilipokatika, jina la duka lilikuwa chini kwenye matope, herufi moja moja.

Sasa ungewaona watu wazima! Mwenyekiti anamlaumu mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anamlaumu fundi, mwenye duka kashika kiuno. Wakaitisha kikao cha kutafuta mkosaji. Nami nikajiketia kwenye jiwe, nikasema moyoni, yamekwisha, na neno la shemeji nimelizika pamoja naye.

Akaja Tusekile, yule binti mwenye pengo uliyekuwa ukimwita mkia wako. Kashika jembe. Nyuma yake darasa zima na ndoo. Hakuna aliyewatuma. Akaukagua ukuta juu mpaka chini, akasema, "Haya, tunaanza upande gani?" Kisha akanigeukia: "Babu, udongo mweupe uko wapi? Au na wewe umebanduka?"

Shemeji, nilicheka mpaka nikalia. Au nililia kwanza, sikumbuki.

Na si ukuta tu. Upepo wa mvua zile zile ulikuwa umelaza migomba yote ya baba yake Tusekile. Mwanamume akaingia ndani akajifunika blanketi mchana kweupe. Mama mtu alinisimulia mwenyewe: Tusekile alimvuta baba yake mguu, akamuuliza swali lako lile lile. Jioni walikuwa wote shambani, wanakata iliyolala na kufukia machipukizi. Sasa nakuelewa, mama wa matope. Ulikuwa huwafundishi kuchora tu.

Basi nikaingia kwenye kikao chao, nikasimama. "Mkono nilioutoa mwaka jana ulikuwa wa mjinga. Leo naurudisha mfukoni. Hamtafuti mkosaji? Mmoja ni mimi. Sasa tokeni nje mkaone watoto wameshafika wapi." Wakatoka. Mwalimu mkuu akakunja suruali, akaomba ndoo. Kipindi chako cha kuchora cha Ijumaa, kilichofutwa pamoja na ukuta, kimerudi kwenye ratiba. Na mwenye duka, kumbe muungwana, anawataka watoto wakachore ukuta wa duka lake, kwa udongo!

Wamekuchora, una kichwa kikubwa kuliko mlima Rungwe. Mimi nina mdomo mkubwa kuliko kikapu nilichobeba. Mvua ikija itatufuta wote wawili, na mwakani tutachorwa vibaya zaidi.

Lala salama, shemeji. Ndaga fijo, asante sana, ile niliyokuwa naona aibu kukupa. Udongo nitauchimba mpaka mgongo ukatae, na ukikataa nitamwonyesha Tusekile korongo.

Ila nami nina la kukudai. Siku ile ulipovunja chungu kikubwa cha dada yako, nikasema nimevunja mimi, mke wangu akaninunia mwezi mzima. Amekwenda kaburini akiamini hivyo. Mimi nimesimama mbele ya kamati nikakiri la kwangu. Sasa mko naye huko. Mwambie nani alivunja chungu.

Shemeji yako,
Ambakisye