Ulijibu Nzuri, Salum

Salum, mtani wangu, Mzaramo usiye na haya,

Umekwenda zako ukaniachia magodoro yote haya, mie mwenye mkono mmoja! Ndiyo haki hiyo? Ningekuwa na pa kukushtaki ningekushtaki leo leo. Sina, basi nakuandikia kwa huu huu mkono wa kushoto ambao wewe ulikuwa ukisema herufi zake zinatembea kilevi.

Siku ya maziko yako nilishindwa kazi yangu. Wazee wa kwenu Temeke walikuwa wakinitazama, Mnyamwezi peke yangu pale, wakingoja nizuie jeneza njiani, niseme huyu maiti mchoyo, hata ugoro hakuwahi kunionjesha, haendi popote mpaka nipewe changu. Watu wacheke kidogo, ndiyo utani wetu. Nikasimama mbele ya jeneza, nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Mjomba wako akanishika bega, akanisogeza kando, wakapita. Umezikwa bila kutaniwa, Salum, na inaniuma mpaka sasa.

Karakana ipo pale pale. Tajiri yetu ni yule yule, kila siku analia kwamba mkonge hauna bei, makampuni yanafunga, nani atanunua godoro. Unakumbuka alivyotaka kutufukuza vilema wote, shida hii ilipoanza? Halafu Serikali ikasema atakayetubakiza kazini, yenyewe itamlipia nusu ya mshahara wa kila mmoja wetu. Tukaiita nusu ya Serikali. Ulicheka ukasema, "Haya, leo na sie tumekuwa watu wa Serikali." Tukabaki. Mie na mkono wangu wa kulia uliokauka tangu nilipoangukia moto utotoni, nikishindilia sufi. Wewe na mguu uliovunjika vitani ulipokuwa ukibeba mizigo ya Waingereza, ukaunga kombo na donda lisilokauka, umekaa chini unashona kingo. Godoro letu moja lilikuwa na mikono mitatu, na hakuna aliyelirudisha.

Adabu yako ndiyo iliyokuua. Nasema wazi, ukasirike ukitaka.

Nilipofika kutoka Tabora uliniuliza, "Habari za asubuhi?" nami nikakueleza: kunguni, tumbo, mwenye nyumba, vyote. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "We Mnyamwezi! Mtu akikuuliza habari humtupii mzigo mlangoni. Sema nzuri kwanza, halafu ndipo utie ila. Muungwana huwa mzima kwanza, kisha ndiyo anaumwa." Nikajifunza. Nikawa nasema, nzuri, ila tumbo. Nzuri, ila jana tumezika. Ukanisifu kwamba sasa nimekuwa mtu wa Pwani.

Kisha akaja yule Mzungu wa Serikali na karani wake. Fedha zimepungua, waliopona waondolewe, basi ndilo lililomleta. Ulivaa kanzu yako nyeupe kwa heshima ya mgeni, mguu wote ukafichika ndani yake. Akakuinamia, akakuuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Habari ya mguu?" Uso wako ukafurahi, kwa kuwa aliuliza kistaarabu. "Nzuri, bwana, alhamdulillahi. Mzima. Ila..."

Akasema, "Vizuri sana!" Akaenda kwa mwingine.

Ila yako uliimalizia mgongoni kwake. Niliisikia mie tu. Ila usiku silali, ila donda limeanza kunuka, ila nikitaka kusimama mpaka nishikwe. Ulisema polepole, kwa adabu, kama vile bado yupo anakusikiliza.

Mwisho wa mwezi nusu yako haikuja. Tajiri akasema hana uwezo wa kukulipa peke yake, na naona hakusema uongo. Nikamfuata karani mpaka Kinondoni anakokaa, nikamwambia, ndugu yangu, wewe mtoto wa Pwani, hukujua yule alikuwa hajamaliza? Akatazama chini. "Nilijua," akasema. "Lakini bwana kauliza mwenyewe, kajibiwa mwenyewe. Mie nimwambie hajui Kiswahili? Nina watoto." Nikageuka. Hata kumtukana sikuweza, nilimwona naye kabanwa.

Ukaenda kuvunja kokoto za barabara, kazi ya wazima, maana mzima ndivyo ulivyoandikwa. Nilikukataza mpaka tukagombana. Ukasema mkeo Bi Tatu na watoto hawawezi kula godoro. Jua, vumbi, donda likapanda mpaka pajani, homa ikakuangusha. Nilipokuja kukuona uliniuliza habari za karakana, nami nikasema nzuri. Ila yake sikuwa na moyo wa kuitia. Ukafa Alhamisi ile, Salum, mtu aliyepona!

Mkeo nilimwambia baada ya arobaini: shemeji, nusu ya mshahara wangu ni yenu mpaka watoto wakue. Akakataa, nikamwachia mkekani nikatoka mbio. Mwezi uliofuata akakataa tena, lakini kwa sauti ndogo. Basi ikawa hivyo. Kazi yangu ndiyo iliyokuwa ikipika chungu chako.

Juma lililopita walirudi kukagua.

Niliposikia wanakuja nikasema, safari hii sifi kifo cha Salum. Nikajizoeza njiani, nikajizoeza kisimani, mpaka wanawake wakadhani nimerukwa na akili. Mzungu alipofika kwangu akauliza, "Habari ya mkono?" Mtani wangu, nikaikanyaga adabu yote uliyonifundisha. Nikasema, "Mbaya, bwana. Sijiwezi."

Karakana nzima ikageuka kunitazama. Mzungu akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli, siwezi kumsingizia. Akasema na karani kwa Kiingereza. Karani akanieleza bila kuinua macho: msaada huu ni wa kilema anayefanya kazi. Asiyejiweza, Serikali inamrudisha kwao, na treni hatozwi.

Kwetu! Kwetu kwa nani? Mama kafa, kaka kapotelea kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Nikapiga kelele, "Bwana, naweza! Hili godoro nimelishindilia mie, na lile, na lile!" Nikalinyanyua moja kwa mkono huu na meno, alione. Akanishika bega. "Pole sana," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa. Akaenda kwa mwingine.

Wewe ulisema mzima, ukaondolewa kwa kuwa mzima. Mie nimesema sijiwezi, nimeondolewa kwa kuwa sijiwezi. Neno lenyewe lilikuwa lipi, Salum? Wewe mjuzi wa maneno, lilikuwa lipi?

Treni ni kesho asubuhi. Bi Tatu ameniokea mkate wa mchele wa safari, na ninajua fika mchele ule alikuwa amewawekea watoto. Nikamwambia auache, akanitazama vibaya nikaupokea. Hakunilaumu hata kwa nukta. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Shemeji, utarudi lini?" nami nikajifanya nafunga mzigo.

Sasa nipo hapa kaburini kwako, nimekaa mchangani, nakuandikia. Nimekung'olea magugu. Kwaheri, mtani. Lala, mchoyo wewe, ugoro nimekuletea mwenyewe, huu hapa.

Nakuahidi nitarudi. Kama ni kufuata reli kwa miguu kutoka Tabora, nitaifuata, na watoto wako watakula. Ahadi hii nakupa wewe, kwa kuwa huwezi kuningojea mlangoni. Bi Tatu nilishindwa kumpa.

Mie Mnyamwezi wako,
Yakobo