Mzee Miwa na Nyumba ya Kumi

Aguada, Puerto Rico, 9 Aprili

Binti yangu Yadira,

Mungu akubariki. Sisi huku wazima. Goti la bibi yako linasumbua mvua ikikaribia, ila ulimi wake haujambo kabisa. Wewe je, unakula, au unaishi kwa kahawa?

Sasa tuingie kwenye mambo yetu. Bustani yenu ya burudani imeanza kujenga nyumba za kutisha za Halowini. Kwenye jukwaa letu la mashabiki mtandaoni kuna mtu kapiga picha akiwa kwenye ndege: nyuma ya mabanda kuna kitu kirefu, kina rangi ya kutu. Ubishi wake usiseme! Wengine wanadai ni meli iliyozama, wengine machinjio. Mimi unanijua. Tangu ukiwa shule ya msingi tunakisia kila mwaka nyumba zote kumi kabla hazijatangazwa, na ya kumi naandika kiwanda cha sukari, kile nilichofanyia kazi ujanani, na mzimu wa mnyapara aliyetumbukia kwenye tangi la shira. Sijapata hata mara moja. Dwight wa Ohio kanibandika jina, Mzee Miwa. Jana kaandika, "Mzee Miwa, miwa yako haijaiva tu? Ng'oa, panda mahindi!" Jukwaa zima likacheka.

Wewe sasa uko ndani, unawachorea hizo nyumba. Siri sikuombi. Niambie tu: kiwanda nikiache au nikiondoe?

Papi yako

Kissimmee, 13 Aprili

Papi, naomba baraka.

Mimi mzima, na nakula. Jumapili nilipika wali wa mbaazi ukashika chini, nikaanza na ukoko kama wewe.

Kuhusu swali lako, nilisaini karatasi kazini. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana, hata kukohoa siwezi. Kuna mwenzetu alimnong'oneza mchumba wake jambo dogo tu, akafukuzwa siku hiyohiyo. Kazi hii naipenda, Papi. Kwa hiyo nikinyamaza usinitafsiri. Kisia mwenyewe, na sheria yetu ni ileile: anayekosa hutangulia kuingia, mzimu umrukie yeye.

Mwanao, Yadira

Aguada, 2 Mei

Mungu akubariki, binti yangu.

Bibi anauliza mchumba wako wewe yuko wapi. Nimemwambia hilo nalo umesainia karatasi.

Umesema nisikutafsiri, nimekutafsiri hivyohivyo. Hujawahi kunificha kitu. Ulipokuwa mdogo uliniambia zawadi yangu ya Krismasi kabla hujaifunga. Kiwanda changu kingekuwamo, ungeshapasuka. Basi nimekiondoa, nimeandika meli iliyozama. Dwight kanipongeza. Roho imeniuma kidogo, nisiseme uongo, lakini mtu mzima hujua wakati wa kuacha.

Papi yako

Kissimmee, 6 Mei

Papi, naomba baraka.

Huku mvua tu. Paka kazaa chini ya kitanda changu. Msalimie Bibi sana.

Barua hii nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena nikaifuta. Yaliyobaki ni haya.

Mwanao anayekupenda, Yadira

Kissimmee, 22 Agosti

Papi, naomba baraka.

Wametangaza nyumba zote kumi leo asubuhi. Najua umeona, maana simu hupokei. Sasa nina ruhusa ya kusema.

Siku moja kwenye kikao wakubwa wangu walikuwa wamekwama, hawana wazo. Nikasema, "Baba yangu ana hadithi yake moja." Nikawasimulia mnyapara wako, wakaacha hata kunywa kahawa. Uliponiuliza mwezi wa nne, kiwanda nilikuwa nimeshakichora. Nilipoona umekiondoa nilijifungia chooni kazini nikalia. Simu ilikuwa mkononi. Sikukupigia. Nisamehe, ingawa ingerudi siku ileile ningefanya vilevile.

Tiketi ya ndege ya siku ya ufunguzi nimeshakutumia. Njoo hata kama umenuna.

Mwanao, Yadira

Kissimmee, 4 Septemba

Papi, naomba baraka.

Bibi kaniambia u mzima na umenuna. Sidai barua. Nijibu baraka tu.

Yadira

Bustanini, 6 Septemba

Yadira,

Ni kweli nilinuna. Miaka yote hiyo nimeshikilia kiwanda changu, nikakiacha mwaka uleule kilipojengwa, na mwanangu ananitazama! Nikamwambia bibi yako, "Huyu mtoto kaniacha nizame na meli yangu." Akanijibu, "Na kutunza neno alifundishwa na nani?" Nikapanda ndege.

Dwight nimemkuta kwenye foleni. Kumbe ni mfupi vile! Kanishika mkono, "Mzee Miwa, imeiva." Lakini sheria ni sheria. Nilikosa, nikatangulia.

Harufu ya shira ilinipokea mlangoni. Ile kutu, zile ngazi, king'ora cha kubadilisha zamu. Mnyapara aliponirukia sikupiga kelele. Dwight atakwambia vingine, usimsikilize.

Ila matangi umeyaweka kulia! Yalikuwa kushoto. Nikasimama gizani nikilalamika, mpaka mzimu mmoja akaniambia, "Mzee, tembea, unaziba njia." Nilipotoka ndipo nikaelewa. Nilikuwa nakusimulia jikoni nikionyesha kwa mkono wa kushoto, nawe umekaa mbele yangu, unanitazama. Kwako wewe ilikuwa kulia. Ulikumbuka kiasi hicho, na kuniuliza hukuweza. Hapo nimelia, binti yangu, na Dwight hilo nalo kaliona.

Nakuandikia kwenye simu, nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya kumi. Baraka leo sikuandikii. Njoo uichukue mwenyewe.

Papi yako