Mwaka Ulioandikwa Juu ya Jalada

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Miembeni, na mimi nimetoka kazini mapema nikisingizia kichwa. Kichwa hakiumi. Naogopa tu.

Kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta majina ya watoto wa vijiji vya Muleba, ili itoe orodha ya waliofikisha miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Orodha ya Kishanda naituma kwa Ma Adventina, mhudumu wa afya wa kijiji, naye huipeleka kanisani isomwe kwenye matangazo ya Jumapili. Jina likisomwa, mama humleta mtoto siku ya gari la chanjo. Utaratibu huo tumeusifia sana vikaoni.

Ma Adventina huandika watoto kwenye daftari kwa siku na mwezi wa kuzaliwa tu: 14/11, 3/12. Mwaka ameuandika mara moja, juu ya jalada, kwa kalamu nene. Arudie wa nini? Kila aliyeshika daftari anaujua.

Kompyuta haikushika daftari.

Januari niliketi nikachapa 14/11 kama nilivyoiona. Ukiandika tarehe bila mwaka, ile programu ya majedwali haikuulizi. Inaweka yenyewe mwaka tuliomo. Na mwaka ulikuwa umeshabadilika. Kisanduku kikaonyesha siku na mwezi tu, safi kabisa, nami nikaendelea. Kumbe ndani imeandikwa Novemba hii ijayo. Watoto kumi na mmoja waliozaliwa mwishoni mwa mwaka jana, kwa kompyuta bado hawajazaliwa.

Alinda ni mmoja wao. Alipaswa kuchanjwa mwezi uliopita. Tangu Ijumaa yuko wodini kwa surua, kifua kimembana, hanyonyi vizuri.

Jana nilimpigia mama yake, Jovitha. Nikiri: nilikuwa natafuta wa kulaumu. Nilimuuliza kwa nini hakumleta mtoto.

"Waitu, jina halikusomwa," alisema kwa heshima ile ya Kihaya. "Nikajua zamu yetu bado. Nisamehe, dada."

Akaniomba msamaha. Mimi! Nami nikamwambia asijali.

Nilipokata simu ndipo nilipobofya kile kisanduku nikauona mwaka.

Majina kumi yaliyobaki nimeyarekebisha na kuyatuma. Ma Adventina hakungoja Jumapili, ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba kwenye mvua hii. Msimamizi wangu anasema kwenye ripoti tuandike "hitilafu ya mfumo". Maneno matamu hayo. Nimeyachapa, nikayafuta, nikayachapa tena. Mdharau mwiba mguu huota tende, wanasema, lakini mwiba niliudharau mimi, na mguu uliovimba ni wa mtoto wa mwenzangu.

Kesho naenda wodini. Jovitha anaamini kosa ni lake, na nikinyamaza ataendelea kuamini hivyo mpaka uzeeni. Kinachonitisha ni jinsi kunyamaza kulivyo rahisi. Sijui nitaanzaje. Labda nitamwonyesha tu daftari.

Liko hapa mezani, lile la mwaka jana nililoletewa Januari. Mwaka upo juu ya jalada, mkubwa, na umezungukwa na alama ya kahawia ya kikombe changu cha chai.